Kupaka kabati rangi kwa mashine ya kupuliza: mambo ya kujua kabla kikundi hakijanunua



Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za kandokando ya Goma zilifungwa, na watu wengi walirudi Sake, Masisi na Rutshuru, au waliingia katika mitaa ya mji kutafuta nafasi kwa ndugu na wafadhili. Waliofika nyumbani walikuta milango imeng'olewa na makabati hayapo. Kwa hiyo kazi ya mbao ipo. Na katika vikundi vya mafundi swali moja linarudi kila mara: tukipata pesa kidogo, tununue mashine ya kupuliza rangi?

Tunaelewa swali hilo linatoka wapi. Mteja ameona kabati lililotoka ng'ambo, limetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, halafu limepakwa rangi laini isiyo na alama ya brashi. Kabati la fundi wetu ni la libuyu au linzo, viungo vyake vimekazwa vizuri, litadumu hata wajukuu walirithi. Lakini mteja anapitisha kidole juu ya mlango, anagusa michirizi ya brashi, kisha anakwenda kununua lile la ng'ambo. Jambo hilo linauma, na mashine inaweza kusaidia. Inaweza pia kukimaliza kikundi. Tueleze yote mawili.

Mashine yenyewe

Ile inayoonekana zaidi katika karakana zetu ina sehemu mbili. Kuna kompresa, yaani mota inayojaza hewa katika tangi, na kuna kipulizo cha mkononi chenye kikombe cha rangi. Ukivuta kifyatuo, hewa inaikata rangi kuwa ukungu na kuutupa juu ya ubao. Kwa kazi ya makabati, kompresa ya nguvu za farasi 2 na tangi la lita 50 inatosha. Tundu la kipulizo liwe la milimita 1.4 hadi 1.8. Tundu dogo hutoa vanishi vizuri, kubwa hutoa rangi nzito.

Jihadharini na umeme. Mota ya kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshazunguka. Ndiyo maana jenereta ndogo ya taa na simu inazima palepale fundi anapobonyeza swichi, na kikundi kinafikiri kimeuziwa mashine mbovu. Kabla ya kulipa, iwasheni dukani kwa jenereta mtakayoitumia, si kwa umeme wa muuzaji.

Kuna aina nyingine isiyotumia hewa, ambayo husukuma rangi peke yake kwa nguvu kubwa sana. Hiyo ni ya kuta na mapaa. Kwa makabati haifai, tena ni ya hatari: ikimgusa mtu kidole karibu, rangi huingia chini ya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, lakini ni cha kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Brashi au mashine?

Hapa mafundi wengi hawapendi kuambiwa ukweli. Mashine ya kawaida hupoteza rangi. Katika rangi yote inayotoka kwenye kipulizo, zaidi ya nusu haikai juu ya ubao, inaruka na hewa. Zipo mashine zinazotumia hewa nyingi kwa shinikizo dogo, nazo hupunguza hasara hiyo hadi karibu theluthi moja, lakini bei yake iko juu. Brashi haipotezi kitu, ila matone machache.

Kwa hiyo fundi anayetengeneza kabati moja kwa mwezi abaki na brashi nzuri na msasa laini. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa tabaka tatu nyembamba, kila moja ikisuguliwa inapokauka, inafika karibu sana na ile ya mashine. Mashine inaanza kulipa pale ambapo kuna milango kumi ya namna moja, viti ishirini vya shule, au kazi yenye nakshi na vipande vingi ambamo brashi haipiti vizuri. Mafundi wa karakana tano au sita wakiungana wanafika hapo. Mmoja peke yake hafiki, na deni la mashine litamfuata.

Ubao kwanza

Rangi ya kupuliza ni nyembamba, na inang'aa. Maana yake haifichi kitu. Shimo la msumari ambalo brashi ingelijaza kidogo litaonekana kama jicho. Kwa kabati moja, saa tano ni za msasa na puti, na kupuliza kwenyewe ni nusu saa tu. Anayetaka kubadilisha hesabu hiyo atarudia kazi.

Ubao uwe umekauka. Mbao zinazouzwa sokoni mara nyingi zimetoka msituni juzi, na bado zina maji. Ukizifungia maji ndani kwa rangi, yatatafuta njia ya kutoka, na rangi itavimba malengelenge. Njia rahisi ya kupima: kata kipande kidogo, kipime kwa mzani wa sokoni, kiweke juu ya jiko la nyumbani kwa wiki moja, kipime tena. Kama kimepungua sana, mbao zako bado. Zipange kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na zikae miezi kadhaa.

Kabati la zamani lina shida yake. Kabati la kwanza nililolipuliza mimi mwenyewe lilikuwa la jikoni, la mama mmoja jirani yetu. Nililisugua, nikalifuta vumbi, nikalipuliza rangi nyeupe, na wote tukafurahi. Baada ya wiki mbili rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Miaka yote mafuta ya mawese na moshi wa makala vilikuwa vimeingia katika ule ubao, na mimi nilivikandamiza zaidi kwa msasa. Siku hizi naosha kwanza kwa maji ya moto, sabuni na soda kidogo, nasuuza mara mbili, naacha likauke siku mbili juani, ndipo nashika msasa. Yule mama nilimrudishia kazi bila malipo, na rangi ya pili nilinunua kwa pesa yangu.

Anza na msasa namba 120, umalizie na 180 au 220, kila mara kufuata nyuzi za ubao. Jaza matundu kwa puti, sugua tena, kisha pitisha rangi ya msingi. Ng'oa bawaba, vitasa na vishikio. Milango ilazwe juu ya meza, siyo isimame, maana rangi mbichi hutiririka chini.

Angalizo moja kwa kabati lililokwisha kupakwa rangi miaka iliyopita: rangi nyingi za mafuta za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hata leo, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwenye akili yake. Msasa mkavu hugeuza rangi hiyo kuwa vumbi linaloingia kila mahali. Lowesha ubao, sugua ukiwa na majimaji, futa kwa kitambaa, na watoto wawe mbali. Mnaponunua rangi mpya, ulizeni kama kopo limeandikwa kwamba haina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kisizidi sehemu 90 katika milioni.

Mkono wa mpulizaji

Lainisha rangi kwa thina iliyoandikwa kwenye kopo lake. Ukiinua kijiti, rangi iteremke kama uzi usiokatika, kisha imalizie kwa matone. Ikianguka kwa mabonge ni nzito, itatoka na ngozi ya chungwa. Ikikimbia kama maji, itatiririka. Ichuje kwa soksi nyembamba ya nailoni, kwa sababu punje moja ndogo inaziba tundu.

Shinikizo liwe baa 2 hadi 3. Jaribu kwanza juu ya katoni. Shika kipulizo umbali wa shubiri moja kutoka kwenye ubao, na umbali huo usibadilike. Kosa la kila mwanafunzi ni kuzungusha kiwiko kama mtu anayemwagilia bustani: katikati rangi inakuwa nzito, pembeni hakuna kitu. Mkono wote uende sambamba na ubao. Anza kuvuta kifyatuo kabla hujafika kwenye ukingo, achilia baada ya kuupita. Kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Pembe za ndani kwanza, kingo baadaye, uso wa mlango mwisho.

Tabaka nyembamba tatu ni bora kuliko moja nene. Vanishi ya kukauka haraka husubiri nusu saa hivi, rangi ya mafuta husubiri mpaka kesho yake. Kati ya tabaka na tabaka pitisha msasa namba 320 kwa mkono mwepesi.

Goma ina adui wake, nalo ni vumbi jeusi la volkano. Tangu Nyiragongo ilipomwaga moto mjini tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021 upande wa kaskazini, tunaishi na mchanga huo, na pikipiki moja ikipita inatosha kuharibu mlango. Nyunyizeni maji chini kabla ya kuanza. Fanyeni kazi asubuhi, umande ukiisha kukauka na upepo haujaanza. Wakati wa mvua hewa ina unyevu mwingi, na vanishi ya kukauka haraka hugeuka nyeupe kama maziwa. Siku hiyo piga msasa, usipulize.

Pumzi na moto

Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi, hakizuii mvuke wa thina. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mkaa, na vichujio hivyo vibadilishwe. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, vimekwisha. Kichwa kinachozunguka na kichefuchefu si mazoea ya kazi kama wazee wengine wa fani wanavyosema, ni sumu. Mama mjamzito na mtoto anayenyonya wasikae karibu. Rangi ya magari inayochanganywa kutoka vikopo viwili tunaomba muiache kabisa. Ina kemikali iitwayo isosianeti, ambayo inaweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa zetu haziitoshi.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu kama moshi, unatambaa chini na kutafuta moto. Mbabula ya jirani iliyo nyuma ya ukuta wa mbao, sigara ya mpita njia, cheche ya jenereta, vyote vinatosha. Katika mtaa wa nyumba za mbao, au mahali watu bado wanalala chini ya maturubai, moto wa karakana moja unakuwa wa wote. Pulizeni nje au mahali palipo wazi pande mbili, jenereta iwe mbali upande upepo unakotoka, ndoo ya mchanga iwe karibu. Msitumie esanse kulainisha rangi wala kuoshea kipulizo, hata kama thina imekwisha na mteja anasubiri.

Jioni, fungua kizibo cha chini ya tangi la kompresa na utoe maji yaliyokusanyika. Yakiachwa humo yanaozesha chuma, na tangi lililooza likiwa limejaa hewa linaweza kupasuka.

Majirani

Brashi ni kazi ya fundi na ubao wake. Kipulizo kinawaingiza majirani, wapende wasipende. Ukungu wa rangi ya mafuta unaruka ukiwa bado mbichi na kunata juu ya nguo zilizoanikwa, muhogo unaokauka, samaki, kioo cha gari. Ule wa vanishi ya kukauka haraka hufika ukiwa vumbi kavu, unafutika. Hiyo ni sababu moja ya kuchagua vanishi mtaani. Lakini sababu kubwa ni kupita nyumba kwa nyumba kabla ya kuanza na kukubaliana siku na saa. Mama akijua kwamba Jumanne na Ijumaa asubuhi kuna kazi, anaanika nguo Jumatano. Asipojulishwa, nguo moja ya kanisani ikiharibika, maneno hayataishia kwenye nguo. Yatakuwa "hawa waliokuja", na kutoka hapo sote tunajua yanakoelekea.

Kuna sauti pia. Valvu ya usalama ya kompresa ikifunguka hulia ghafla, na kwa mtu aliyekimbia risasi usiku sauti hiyo si ya kucheka. Waonyesheni majirani mashine inavyolia, na watoto waisikie wakiwa wamesimama na wazazi wao. Jina nalo lina uzito. Wengi wetu tunasema pistole, kama Kifaransa kinavyoita. Tumezoea kusema kipulizo, kwa sababu fundi aliyepiga simu barabarani akisema "niletee pistole" alishasababisha hofu bila kutaka. Mnapokisafirisha kipitisheni kikiwa kimefunguliwa vipande, ndani ya kikapu kilicho wazi, pamoja na kikombe chake chenye rangi, ili anayeuliza aone mara moja.

Na kwa viongozi wanaogawa misaada: mashine ikitolewa kwa waliohama peke yao, mafundi wenyeji ambao waliwapokea katika viwanja vyao wataitazama kila siku. Iwe ya wote wawili tangu karatasi ya kwanza. Andikeni nani anashika ufunguo, zamu zinakwendaje, nani ananunua oili ya kompresa. Andikeni pia kwamba anayerudisha kipulizo kichafu hulipa. Ugomvi mwingi tuliousikia katika vikundi haukuanzia kwenye kabila wala pesa kubwa. Ulianzia kwenye tundu lililozibwa na vanishi ya jana.

Kabati limetoka wapi?

Jambo hili halimo katika vitabu vya useremala, lakini kwetu lazima lisemwe. Karakana yenye kipulizo inaweza kulifanya kabati la zamani lisitambulike hata na aliyelitengeneza. Habari hiyo inasikika, na wataanza kuja watu na makabati, vitanda na milango usiku usiku, wakitaka rangi nyingine haraka, bila kuuliza bei. Baadhi ni mali zilizochukuliwa nyumba zilipobaki tupu. Mwenye kabati akirudi akalikuta sebuleni kwa mwingine, likiwa na rangi mpya ya karakana yenu, fundi anakuwa shahidi, au mshtakiwa.

Kikundi kiwe na daftari. Kila kazi iandikwe: jina la aliyeleta, anakokaa, siku, kabati lilikuwa na rangi gani, alama gani. Picha ya simu inasaidia. Sehemu ya nyuma ya kabati na chini ya droo msizipulize kamwe. Huko ndiko fundi wa kwanza huacha alama ya penseli, namba, au jina la mwenye kitu. Waambieni wateja wote kwamba ndivyo mnavyofanya kazi, kwa wote. Mwenye mali yake halali hakasiriki, tena mnaokoa rangi.

Akija mtu akasema "hili ni langu", fundi asiwe hakimu. Makabati mengi yametengenezwa kwa mfano mmoja, na kilio cha mtu aliyepoteza kila kitu kinaweza kumwonyesha chake mahali ambapo si chake. Aliyelileta naye huenda alilinunua sokoni kwa pesa safi. Simamisheni kazi, kabati libaki karakanani bila rangi, na muwaite kiongozi wa nyumba kumi pamoja na wazee wa barza kutoka pande zote mbili. Mwenye madai aeleze alama zisizoonekana kabla ya kulifungua. Pesa za kazi iliyokwisha kufanyika zizungumzwe mwisho, baada ya kujulikana mwenye mali.

Kusafisha

Kipulizo kioshwe mara tu kazi inapokwisha, siyo baada ya chakula. Mimina rangi iliyobaki kwenye kopo lake, weka thina kidogo katika kikombe, puliza mpaka itoke safi, kisha fungua tundu na sindano yake uvisugue kwa brashi laini. Msitumie waya, unapanua tundu.

Thina chafu isimwagwe chini. Mawe ya lava yana nyufa, kinachomwagwa kinashuka, na familia nyingi za Goma bado zinachota maji ya kunywa katika ziwa Kivu. Iwekeni katika kibidoni kilichofungwa na kuandikwa, mbali na jikoni. Baada ya siku chache uchafu unakaa chini, na ile safi ya juu inafaa kwa maosho ya kwanza ya kesho.